Je, Wajua? Gurudumu la Inchi 10 na Siri za Kukata Kona

Mwenye gari la zamani akipata pesa kidogo, jambo la kwanza linalomjia kichwani ni rimu kubwa. Anataka Peugeot 504 aliyoachiwa na baba yake ikate kona kama gari la mwaka huu, iache ule mlalo wake inapozunguka kipilefti. Maduka ya rimu hayakosi la kumwonyesha. Mimi nayapenda magari haya, nimelala chini yake na nimeyasukuma, na kinachoniuma ni kuona gari lililotunzwa miaka 40 likiharibiwa mwendo wake kwa mchana mmoja, tena kwa gharama. Haya ndiyo ningependa kila mwenye gari kongwe ayajue kabla hajalegeza nati hata moja.

Je, wajua kwamba Mini ilishinda mbio za magari za Monte Carlo mara tatu kwa rimu za inchi 10?

Alec Issigonis alipoichora Mini, iliyoingia sokoni mwaka 1959, hakuwa akiwaza mbio. Alikuwa akiwaza nafasi. Gari zima lilikuwa na urefu wa mita 3 na sentimita chache, na ndani yake walitakiwa waenee watu wanne na mizigo yao. Gurudumu kubwa hudai uwazi mkubwa kwenye bodi, na uwazi huo hukatwa kwenye nafasi ya miguu na viti. Kampuni ya Dunlop ikamtengenezea tairi la kipimo cha 5.20-10. Ukilishika leo gurudumu hilo mkononi, unaona halijalizidi sana la bajaji.

Gari hilo dogo likashinda Monte Carlo mwaka 1964 likiendeshwa na Paddy Hopkirk, mwaka 1965 na Timo Mäkinen, na mwaka 1967 na Rauno Aaltonen. Ule ushindi wa kwanza, aliyeshika nafasi ya pili alikuwa na Ford Falcon ya V8, wakati injini ya Hopkirk haikufika hata lita 1.1. Magurudumu yale yalikaa kwenye pembe nne kabisa za gari, gari likakaa chini, na kila gurudumu lilikuwa jepesi. Wepesi huo una maana kubwa. Tuta linapolirusha gurudumu juu, springi ndiyo inayolirudisha chini (kwa Mini ni vikoni vya mpira vilivyobuniwa na Alex Moulton), na gurudumu jepesi hurudi kushika lami upesi. Muda wote ambao tairi liko hewani, usukani hauna la kuliamuru.

Sasa tazama namna nzuri ya kuboresha gari hilo. Mini za baadaye zilivaa tairi la 145/80 R10, ambalo kimo chake kwa hesabu ni milimita 486. Wapenzi wengi wa Mini leo huvaa 165/70 R10, ambalo kimo chake ni milimita 485. Upana umeongezeka kwa milimita 20, kimo kimepungua kwa milimita 1 tu. Spidomita haidanganyi, bodi haikatwi, na gari linashika kona vizuri zaidi. Wengine huenda mpaka rimu za inchi 13 na tairi la 175/50. Hapo ubavu wa tairi unashuka kutoka milimita 116 hadi 87 hivi, madigadi yanapanuliwa kwa vipande vya plastiki, usukani unakuwa mzito, na gari linahitaji barabara pana zaidi ili ligeuke. Kwa macho yangu gari hilo bado linaitwa Mini, lakini lile lililoifanya iwe Mini limeondoka.

Je, wajua kusoma namba ambayo haikuandikwa?

Tairi la leo linajieleza. Chukua 185/70 R14: 185 ni upana kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, R inaonyesha kwamba ni radiali, na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Taabu inaanza kwenye tairi la gari kongwe, ambalo mara nyingi limeandikwa 175 R14 basi, bila namba ya katikati. Vijana wengi wakiona hivyo hubahatisha 70 au 65. Namba iliyoachwa ni 80 hivi, au 82 kwa watengenezaji wengine. Tairi la kabla ya hapo, kama lile la 5.60-15 la Volkswagen Beetle za zamani, upana wake uliandikwa kwa inchi, na ubavu wake ulikaribia kulingana na upana. Ndiyo maana magari hayo yanaonekana yamesimama kwa miguu mirefu.

Sasa tufanye hesabu kwa ile 504 yetu. Tairi lake la 175 R14 lina ubavu wa milimita 140. Zidisha mara mbili, kisha ongeza rimu ya inchi 14, ambayo ni milimita 355.6: unapata kimo cha milimita 636 hivi. Ukiivisha 205/60 R15 unapata 627, pungufu isiyofika asilimia 2, ambayo gari halitainung'unikia, mradi upana wa ziada usiguse kitu. Ukiivisha 195/50 R15, kipimo kilichojaa madukani, unapata 576. Hapo umepoteza zaidi ya asilimia 9. Spidomita ikisema 100, wewe uko kwenye 91. Injini inazunguka zaidi kwa kilomita ileile, mafuta yanaisha kwa hesabu usiyoijua, na tumbo la gari limeshuka sentimita 3 kuelekea kwenye matuta.

Kuna mtego mwingine ambao hesabu peke yake haiuonyeshi. Tairi la 205/50 R17 lina kimo cha milimita 637. Kwenye karatasi linafanana kabisa na la kiwandani. Lakini ubavu wake ni milimita 102 badala ya 140, na Peugeot walipopanga springi na shokapu za 504 waliuhesabu ule ubavu mrefu laini kuwa sehemu ya saspensheni. Ukiuondoa, shimo ambalo zamani lilimezwa na tairi linapigwa moja kwa moja na boli jointi, na sifa iliyoifanya 504 ipendwe kwenye barabara zetu mbovu inaishia hapo.

Kama huziamini hesabu, iko njia ya chaki. Egesha gari mahali tambarare, upepo ukiwa sawasawa. Weka alama ya chaki kwenye tairi pale linapogusa ardhi, na nyingine kwenye sakafu. Mwombe mwenzako asukume polepole mpaka alama ya tairi irudi chini, kisha weka alama ya tatu. Pima kwa futi ya kamba. Kwa 504 yenye matairi yake ya asili utapata pungufu kidogo ya mita 2, kwa sababu tairi lililobeba gari hubonyea. Fanya hivyo kwa matairi ya sasa kabla hujaenda dukani, uandike kipimo hicho kwenye karatasi uende nayo.

Je, wajua kwamba Rais wa Ufaransa alinusurika kwa sababu, pamoja na mengine, rimu zilikaa mahali pake?

Jioni ya tarehe 22 Agosti 1962, huko Petit-Clamart karibu na Paris, watu waliotaka kumuua Charles de Gaulle waliimiminia risasi Citroën DS aliyokuwa amepanda na mkewe. Matairi mawili yakapasuka. Dereva Francis Marroux hakusimama. Alikanyaga mafuta, gari likaendelea mbele kwa mwendo wa kasi, na wote waliokuwamo wakatoka salama.

Saspensheni ya DS ilitumia mafuta na gesi badala ya springi za chuma, na ilijisawazisha yenyewe. Hilo wengi wanalijua. Lisilosemwa sana ni usukani wake. Kwenye magari mengi, mstari ambao gurudumu la mbele hugeukia juu yake hauangukii katikati ya tairi; unaangukia pembeni, kwa ndani au kwa nje. Umbali huo mdogo ndio unaokuvuta mikono tairi moja la mbele linapopasuka au linapoingia shimoni. Wahandisi wa Citroën waliupitisha mstari huo katikati kabisa ya gurudumu, kwa hiyo tairi likiisha upepo usukani haupati nguvu ya kuuvuta upande mmoja. Hata upana wa matairi haukuwa wa kubahatisha: DS za mwanzo zilivaa 165-400 mbele na 155-400 nyuma, zile 400 zikiwa milimita za rimu, na magurudumu ya mbele yalikaa mbali zaidi baina yao kwa takriban sentimita 20 kuliko ya nyuma.

Hili linatuhusu sote, hata tusio na DS. Rimu nyingi zina namba iliyogongwa kwa ndani, mara nyingi ikianza na herufi ET. Inaeleza uso unaokutana na habu umekaa milimita ngapi kutoka katikati ya upana wa rimu. Ukinunua rimu yenye namba ndogo zaidi, au ukiweka spesa ili gari lionekane limetanua miguu, unalisogeza tairi nje na kuubadilisha ule umbali aliouweka mhandisi. Usukani unaanza kupigapiga mkononi kwenye barabara mbovu, gari linafuata mifereji iliyochimbwa na malori, na uzito zaidi unaning'inia kwenye beringi ya nje. Rafiki yangu aliwekewa spesa kwenye Datsun yake kwenye gereji moja, akasifiwa mtaa mzima. Miezi michache baadaye alinipitia nisikilize mlio. Tuliinua kwa jeki, nikalishika tairi juu na chini nikalitikisa: lilikuwa linacheza kama jino la mtoto.

Ninaposhauriana na mtu kuhusu rimu, namba ya ET ndiyo ninayoiuliza kwanza, kabla ya upana na kabla ya sura.

Je, wajua kwamba upepo wa mbele na wa nyuma hautakiwi kulingana kwenye kila gari?

Volkswagen Beetle, lile gari la mgongo wa kobe, lina injini nyuma. Vitabu vyake vya zamani viliagiza paundi 16 mbele na 24 nyuma. Mtu wa kujaza upepo leo akisikia 16 anadhani umekosea, anakujazia 30 kote kwa nia njema.

Sababu ni hii. Tairi likikata kona halielekei pale rimu inapoelekea. Linajipinda na kuteleza kidogo pembeni. Tairi lenye upepo mdogo hujipinda zaidi. Ukiyalegeza matairi ya mbele, pua ya gari inachelewa kidogo kuingia kwenye kona, na dereva anaongeza usukani au anapunguza mwendo. Ukiyakaza ya mbele kuliko ya nyuma, pua inaingia kwa ukali na mkia wenye uzito wa injini unaanza kutaka kutangulia. Kwenye Beetle za zamani, ekseli za nyuma zinazobembea huongeza hatari, kwa kuwa gurudumu linaweza kukunjika kuelekea ndani chini ya gari.

Wamarekani walijifunza hili kwa uchungu. Chevrolet Corvair ilikuwa na injini nyuma na ekseli za namna hiyo, na kiwanda kiliagiza paundi 15 mbele na 26 nyuma matairi yakiwa baridi. Usalama wa gari zima uliwekwa mikononi mwa mtu wa kituo cha mafuta ambaye hakuambiwa. Ralph Nader aliifanya Corvair kuwa sura ya kwanza ya kitabu chake, Unsafe at Any Speed, cha mwaka 1965.

Porsche nao walipambana na mkia huohuo. 911 za mwanzo zilivaa matairi membamba ya 165 kwa magurudumu yote manne, na kwa muda kiwanda kilificha vipande vya chuma kwenye pembe za bampa la mbele ili kuikandamiza pua. Kwa magari ya mwaka 1969 wakarefusha umbali baina ya ekseli kwa milimita 57. Kisha kwenye Carrera RS ya mwaka 1973 wakaweka 185/70 mbele kwenye rimu za inchi 6, na 215/60 nyuma kwenye rimu za inchi 7. Upana wa ziada ukaenda pale uzito ulipo. Kwa hiyo mwenye Beetle anayebaki na pesa ya matairi mawili mapana tu, ayafunge nyuma, na upepo wa mbele aupunguze kama kitabu kinavyosema.

Je, wajua kwamba Waingereza wana sheria kuhusu tairi gani likae mbele?

Mwaka 1946 Michelin walisajili uvumbuzi wa tairi la radiali, na mwaka 1949 likaanza kuuzwa kwa jina la X. Nyuzi zake hukatiza moja kwa moja kutoka ubavu huu hadi ule, na juu yake kuna mkanda wa waya. Tairi la kabla yake lilikuwa na nyuzi za mshazari zilizopishana. Radiali hushika lami zaidi na huteleza pembeni pungufu kuliko la mshazari. Ndiyo maana sheria ya Uingereza inakataza radiali zikae mbele huku za mshazari ziko nyuma: mbele itashika, nyuma itaachia. Kuchanganya aina hizo kwenye ekseli moja nako ni marufuku. Kwa gari lililozaliwa na matairi ya mshazari, kuhamia radiali nne za kipimo kilekile huliboresha kuliko rimu yoyote.

Je, wajua kwamba H haikai baada ya G?

Herufi iliyoandikwa mwishoni mwa kipimo inaeleza mwendo ambao tairi linaweza kuuhimili: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, U ni 200, kisha inakuja H kwa 210, halafu V kwa 240. Namba inayotangulia herufi ni ya mzigo, nayo si kilo moja kwa moja: 82 ni kilo 475, 88 ni kilo 560. Kwa 504 ya stesheni inayobeba magunia, namba hiyo ndiyo ya kuisoma kwanza.

Je, wajua kwa nini magari ya Safari hayakuvaa matairi mapana?

Edgar Herrmann alishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1970 kwa Datsun 1600 SSS na mwaka 1971 kwa Datsun 240Z. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Tazama picha za magari hayo: rimu ndogo, matairi membamba, ubavu mrefu. Kwa mzigo uleule na upepo uleule, eneo la tairi linalogusa ardhi halibadiliki sana ukilipanua. Kinachobadilika ni umbo. Tairi pana hugusa kwa mstari mfupi uliotanuka; jembamba hugusa kwa ukanda mrefu. Kwenye lami kavu na kona, ule utanuzi una faida. Kwenye tope la masika, tairi pana huelea juu, na jembamba hukata mpaka liguse ardhi ngumu chini yake. Na kwenye mawe, ubavu mrefu hubonyea kabla rimu haijapigwa. Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003, yamerudisha picha hiyohiyo: Porsche 911 za huko hukimbia kwenye rimu za inchi 15 na matairi yenye ubavu wa kutosha.

Uamuzi wa kipimo uanzie kwenye barabara ambayo gari litapita kweli. Gari la kutoka Jumapili kwenda ufukweni na kurudi, na gari la kwenda kijijini kila mwezi, hayawezi kuvaa sawa hata yakitoka kiwanda kimoja siku moja.

Je, wajua kwamba ubora wa kona unaweza kupatikana bila kugusa kipimo?

Pirelli wanatengeneza upya Cinturato zao za zamani, na Michelin nao wana vipimo vya magari kongwe, vyote kwa mpira wa kisasa. Rimu yenye upana wa nusu inchi zaidi, ikivalishwa tairi lilelile, hunyoosha ubavu na kuufanya usukani ujibu upesi. Tairi pana kwenye rimu nyembamba hufanya kinyume, linabinuka kwenye kona kama mto uliokaliwa pembeni. Na usisahau umri wa tairi. Gari kongwe hutembea kidogo, kashata zinabaki mpya, lakini mpira unakauka kwa jua. Tafuta kwenye ubavu namba nne zilizozungushiwa duara la yai baada ya herufi DOT: 3214 maana yake ni wiki ya 32 ya mwaka 2014. Ikiwa namba ni tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halifai kutoka nalo hata getini.

Ukimaliza yote, fungua buti uangalie spea. Watu huchagua rimu nne kwa makini wakaiacha ile ya tano na kimo chake cha zamani. Angalia pia nati: za rimu ya chuma mara nyingi hazikai kwenye rimu ya aloi, kwa sababu ya umbo la kichwa au urefu wa uzi. Pancha huja usiku, njiani, mvua ikinyesha. Ijaribu spea ukiwa nyumbani, mchana, na seti zote mbili za nati ziwe ndani ya mfuko mmoja pamoja na spana yake.